Kazi ya kwanza ya urubani: Caravan ya Mombasa au Dash 8 ya Nairobi?

Binti wa Changamwe

Assalamu alaikum ndugu zangu, na shikamooni wakubwa. Mimi ni rubani mpya, mzaliwa wa Changamwe, na nimekua nikihesabu ndege zinazoshuka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi nikiwa nimeketi kwenye baraza ya nyumba yetu. Leseni ya urubani wa biashara niliipata mwaka huu baada ya mafunzo katika Uwanja wa Wilson, Nairobi, pamoja na idhini ya kuruka kwa kutegemea vyombo bila kuona nje na ile ya ndege za injini mbili. Daftari langu lina saa 231 za kuruka. Ada ya mafunzo ilitokana na shamba la minazi la marehemu babu huko Kilifi, ambalo familia nzima ilikubali liuzwe, na kwa hiyo uamuzi huu siuoni kuwa wangu peke yangu.

Katika muda wa wiki mbili nimepewa nafasi mbili, jambo ambalo wenzangu wengi niliosoma nao wanaliomba usiku na mchana. Ya kwanza ni ya kampuni ndogo yenye kituo hapa Mombasa, inayorusha Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja, kupeleka watalii Maasai Mara, Amboseli na Lamu. Ya pili ni ya shirika la Nairobi linalotumia Dash 8, ndege kubwa zaidi ya injini mbili, katika safari za kanda. Mshahara wake unakaribia mara mbili ya ule wa kwanza, na litanigharimia mafunzo ya kurusha aina hiyo ya ndege, kwa sharti kwamba nitie saini mkataba wa kulitumikia miaka mitatu na nikiondoka mapema nirudishe gharama. Wote wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Mama angependa nibaki nyumbani. Mjomba, ambaye ndiye aliyesimamia mauzo ya shamba, haoni hata la kufikiria: ndege kubwa, mshahara mkubwa, niende. Moyo wangu unavutwa na Dash 8, lakini nimesoma mijadala mingi ya marubani wa Marekani na kila ninachokisoma kinanichanganya zaidi, kwa sababu wao huzungumzia nambari ya ukongwe, yaani nani alitangulia kuajiriwa, na saa 1,500 kana kwamba hakuna jingine. Naomba waliotangulia wanieleze, mtu anayeanza apime nini?

Kapteni wa Pwani

Wa alaikum salaam, na marahaba mwanangu. Hongera kwa kufika hapo, na poleni kwa shamba. Mungu alirudishe kwa njia nyingine.

Nimeruka miaka 22, tisa ya mwanzo kwenye Caravan, iliyobaki kwenye ndege za turbopropu za marubani wawili, na nimekaa katika meza ya usaili mara nyingi. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu swali lako linastahili.

Mawaidha ya Wamarekani yaweke kando kwanza. Si mabaya, ila yametoka katika sheria nyingine. Kwao, tangu mwaka 2013, hata rubani msaidizi wa shirika la abiria lenye safari za ratiba hana budi kuwa na leseni ya daraja la juu, ile ya kapteni wa ndege kubwa za abiria, ambayo kwa kawaida hudai saa 1,500, na punguzo hupewa waliotoka jeshini au waliosomea urubani chuoni. Kijana wa huko hufundisha wanafunzi au hufanya vibarua vya kuruka mpaka atimize saa hizo, ndipo aajiriwe, na akishaajiriwa ni tarehe ya kuingia kazini inayoamua kituo chake, ratiba yake, likizo yake na lini atahamia kiti cha kapteni. Ndiyo maana wanashindana kuingia mapema hata kwa wiki moja. Hapa kwetu leseni ya biashara na saa mia mbili na kitu zinatosha kukukalisha kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, cha ndege ya abiria. Kwa hiyo yale ambayo Mmarekani huyajifunza kabla ya kuajiriwa, wewe utayajifunza abiria wakiwa nyuma yako. Kwa sababu hiyo mimi huanza na mtu atakayekufundisha, kisha ndiyo niiulizie ndege.

Sasa tuje kwenye saa, maana hapo vijana wengi hupoteza mwaka mzima bila kujua. Caravan imethibitishwa kurushwa na rubani mmoja. Kampuni nyingi huweka wawili, na ni jambo jema. Lakini Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambacho ndicho msingi wa kanuni za leseni katika nchi wanachama, kinasema kwamba rubani msaidizi wa ndege ya namna hiyo, pale nchi inapotaka awepo, asihesabiwe zaidi ya nusu ya saa zake anapoomba leseni ya daraja la juu. Nchi inaweza kumhesabia zote ikiwa ndege ina vifaa vya rubani wa pili na inarushwa kwa utaratibu kamili wa marubani wawili. Kwa lugha nyepesi, saa 600 ulizoruka zaweza kuingia katika maombi yako kama 300. Na kama kampuni inakukalisha kulia ili mgeni ajisikie salama tu, wakati kitabu chake cha uendeshaji hakidai rubani wa pili, usitarajie hata hizo 300. Mwombe rubani mkuu akuonyeshe ukurasa, kisha uende na nakala yake kwenye ofisi ya leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga uulize utahesabiwaje. Usiridhike na maneno ya mdomo.

Upande wa pili wa mizani, Caravan ina kitu ambacho Dash 8 haiwezi kukupa mapema, nacho ni kiti cha kushoto, cha kapteni. Baada ya muda wa kuiva unaweza kuwa rubani kiongozi, ukiamua wewe, ukijibu wewe. Na safari za Pwani kwenda mbugani ni darasa zito. Uwanja wa Moi uko karibu na usawa wa bahari, una lami ndefu, na umeelekezwa kiasi kwamba kaskazi inakupokea upande mmoja na kusi upande wa pili. Saa mbili baadaye uko Mara, juu ya futi 5,000, kwenye murramu, jua la saa saba limeshaipunguza hewa uzito, na ndege ile ile iliyoruka Mombasa kama kipanga sasa inaomba njia karibu yote kabla ya kuinuka.

Nikueleze kisa. Katika mwaka wangu wa kwanza, mwezi wa nne, nilitua na mzee mmoja aliyekuwa akinifundisha kwenye uwanja mmoja wa Mara, alfajiri ya siku iliyofuata mvua kubwa. Tulitakiwa tupakie abiria kumi na mmoja waliokuwa na ndege ya kwao jioni hiyo. Kwa macho uwanja ulikuwa umekauka. Mimi nilikwisha kukamilisha hesabu ya uzito nikawa tayari kuwasha injini. Mzee akaniambia nishuke nitembee urefu wote wa uwanja kwa miguu. Katikati, penye udongo mweusi, kiatu changu kilizama hadi kifundoni. Nikarudi nikamwambia. Hakunikemea. Aliniuliza tu, “Sasa tufanyeje, kapteni?” na mimi sikuwa kapteni wa chochote. Nikasema tuwaache hapo abiria wanne na mizigo yao, tuwapeleke saba kwanza kwenye uwanja wa jirani wenye ardhi ya mawe, kisha turudi kuwachukua waliobaki. Tulifanya hivyo. Ofisi ilikasirika kwa mafuta tuliyotumia, na yeye alisimama mbele yangu akapokea lawama zote. Nimesahau mshahara niliolipwa mwaka ule, lakini uwanja ule bado nautembea kila ninapofanya hesabu ya uzito.

Muulize kila mwajiri: nani ataruka nami saa zangu 50 za mwanzo? Omba jina, omba kuonana naye.

Jambo la mwisho ni usingizi, na hili nalisema kwa uzito. Usije ukachukua kazi ya Nairobi huku ukikusudia kuishi Changamwe na kupanda treni ya usiku ya Miritini kabla ya kila zamu. Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya abiria aina ya Dash 8-400, safari namba 3407 ya Colgan Air, ilianguka karibu na Buffalo, Marekani. Walikufa wote 49 waliokuwa ndani na mtu 1 nyumbani kwake. Kosa lililotajwa na wachunguzi ni la mikono ya kapteni, aliyevuta usukani pale ndege ilipoonya kwamba inapoteza mwendo. Lakini uchunguzi ulionyesha pia kwamba rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle kuja kazini Newark, na kwamba kapteni alikuwa amelala katika chumba cha wafanyakazi uwanjani. Wachunguzi walisema uchovu huenda uliwapunguzia uwezo, ingawa hawakuweza kusema kwa kiasi gani. Sheria ya saa 1,500 inayokuchanganya ilizaliwa na ajali ile. Ukienda Nairobi, hamia Nairobi.

Fundi wa Hangari

Kapteni amesema kweli, nami niongeze la upande wetu. Nimetengeneza ndege Pwani miaka kumi na minne, na hakuna rubani mpya hata mmoja aliyewahi kuniuliza swali kabla ya kuajiriwa.

Hewa ya bahari inakula injini. Chumvi hukaa kwenye mapanga ya kikandamizi cha hewa, na injini ya PT6, ambayo ndiyo ya Caravan, inayofanya kazi katika hewa ya chumvi kila siku inatakiwa ioshwe kwa maji kila siku. Kazi hiyo si ngumu, lakini hufanywa jioni, watu wamechoka, na ndege imerudi kutoka Lamu kwa kuchelewa. Nenda hangarini kwao saa kumi na moja jioni, salimia watu, utazame. Ukiona ndege inaoshwa bila mtu kusimamiwa, umeijua kampuni hiyo kuliko utakavyoijua kwa kusoma tovuti yake. Ukiona ndege imefunikwa tu na mafundi wameondoka, hilo nalo ni jibu.

Pili, omba kuona jinsi wanavyoandika kasoro katika kitabu cha ufundi cha ndege. Kila ndege ina vitu ambavyo inaruhusiwa kuruka bila kuvikarabati kwa siku kadhaa, na orodha hiyo ni halali. Lakini kitabu kisicho na kasoro hata moja kwa miezi mitatu ni kitabu ambacho marubani wanaogopa kukiandika. Ndege ya mbugani lazima ichubuke. Muulize pia rubani kijana wa pale, mkiwa peke yenu, mara ya mwisho alipokataa ndege nini kilimpata.

Na swali dogo: ndege inalala wapi? Si kituo kilichoandikwa kwenye barua. Ndege yenyewe, usiku, inalala wapi?

Msaidizi wa Dash

Kwa heshima zote kwa kapteni, mimi nilichagua ndege kubwa nikiwa na saa 210 na sijajuta, na nadhani upande huo haujasemewa vya kutosha.

Leseni ya daraja la juu haidai jumla ya saa 1,500 peke yake. Ndani yake mnatakiwa saa 100 za usiku na 75 za kuruka kwa vyombo. Caravan ya watalii huruka mchana, kwa macho, na viwanja vya mbugani havina taa. Ninao rafiki watatu wenye saa zaidi ya 2,000 wanaotafuta usiku wa kuruka kama watu wanaotafuta maji. Mimi nikitoka Nairobi jioni kwenda Mombasa na kurudi, saa hizo zinajiandika zenyewe, na kila moja inahesabiwa nzima kwa sababu Dash 8 haiwezi kurushwa na mtu mmoja.

Halafu kuna nidhamu. Chumba cha marubani wawili hukufundisha kusema kwa sauti unachokiona, kusikiliza unaporekebishwa, na kufuata orodha ya ukaguzi hata siku ya mara ya elfu. Anayezoea kuruka kama mwenye gari lake huona tabu kubadilika baadaye, na nimewaona wakifeli kwenye simuleta, mashine ya kuigiza kuruka, kwa sababu hiyo, si kwa kukosa mikono.

Dada, ukipata mkataba wa haki, usiuogope.

Binti wa Changamwe

Nawashukuru nyote, na hasa nawashukuru kwa kutonipa jibu rahisi. Nimetumia siku nane kuuliza mliyoniambia niulize.

Kampuni ya Mombasa. Rubani mkuu alinipokea mwenyewe. Alinionyesha ukurasa wa kitabu cha uendeshaji unaodai marubani wawili katika safari zote za abiria, na utaratibu wa nani anafanya nini katika kila hatua ya safari. Alinipa nakala, nikaipeleka kwenye ofisi ya leseni, na nimejibiwa kwa maandishi kwamba saa zangu zitahesabiwa zote. Saa 50 za kwanza ataruka nami yeye au rubani mkaguzi mmoja ambaye pia nilikutana naye. Swali la ndege inalala wapi ndilo lililonishangaza zaidi. Kuanzia Julai hadi Oktoba, nyumbu wanapokuwa Mara, ndege mbili zinalala huko huko, na marubani hukaa kambini wiki tatu kisha hurudi Pwani wiki moja. Kwa hiyo ile nyumbani ambayo mama anaifikiria haipo kwa theluthi moja ya mwaka. Aprili na Mei, viwanja vinapotota, safari hupungua sana, na sehemu ya mshahara inayolipwa kwa saa za kuruka hupungua nazo. Nilikwenda hangarini saa kumi na moja jioni. Walikuwa wakiosha injini.

Shirika la Nairobi. Nilizungumza na ofisi ya ajira mara mbili. Walikuwa na adabu, lakini nilipoomba kuusoma mkataba wa miaka mitatu niliambiwa nitausoma siku ya kutia saini. Nilipouliza nani atanifundisha, niliambiwa ratiba ndiyo itakayoamua. Rubani msaidizi mmoja wa pale, ambaye simfahamu na hakuwa na sababu ya kunidanganya, alinieleza kwamba deni la mafunzo halipungui kadiri unavyotumikia: anayeondoka mwezi wa 35 hulipa sawa na anayeondoka mwezi wa pili.

Kapteni, mkataba wa namna hiyo ni wa kawaida?

Kapteni wa Pwani

Mkataba wa kutumikia baada ya kufundishwa ni wa kawaida, na si dhuluma wenyewe. Kumfunza rubani aina mpya ya ndege ni gharama kubwa, na mwajiri ana haki ya kutotaka kumfundishia jirani. Lakini mkataba wa haki una mambo ambayo ni lazima uyaone kwa macho. Deni lipungue kila mwezi unaotumikia, mpaka liishe. Kiasi kilichoandikwa kiwe kile kilicholipwa kweli kwa chuo na simuleta, na kiambatane na stakabadhi. Ukiachishwa kazi kwa kupunguzwa wafanyakazi, au shirika likifunga mlango, deni life. Na ukipoteza cheti cha afya cha daraja la kwanza, deni life pia, kwa sababu wewe una umri mdogo na cheti chako hupimwa kila baada ya miezi 12, na mtu huamka mzima akalala mgonjwa. Nimemwona kijana aliyegunduliwa ugonjwa wa moyo katika mwaka wa pili wa kazi. Hakuweza tena kuruka, na bado aliendelea kudaiwa mafunzo. Mzee wake alilipa kwa pensheni. Sijasahau uso wa mzee yule.

Mkataba usioweza kuusoma nyumbani, ukampelekea wakili, usiutie saini. Hilo halitegemei ndege.

Kuhusu saa za usiku na za vyombo, mchangiaji wa Dash 8 amesema haki na usimpuuze. Ukichagua Caravan, mwombe rubani mkuu tangu siku ya kwanza akueleze ni safari zipi za kampuni, za mizigo au za kuhamisha ndege, zinazoweza kukupa usiku. Uweke lengo lako kwa maandishi na ulitazame kila miezi sita, unapofanyiwa mtihani wa ustadi.

Msaidizi wa Dash

Sikujua kwamba kuna mashirika yasiyopunguza deni. Langu lilikuwa likipungua kila mwezi, na ndiyo maana nilisema usiuogope. Kwa masharti uliyoyaeleza, hata mimi nisingesaini.

Binti wa Changamwe

Nilirudi Nairobi kwa simu mara ya tatu, nikaomba kwa unyonge wote kwamba mkataba unitumiwe kwa barua pepe na kwamba deni lipungue kwa mwezi. La kwanza walikataa, la pili wakasema halijadiliwi na waajiriwa wapya. Nimewashukuru na kuwaaga kwa maandishi, kwa sababu anga la Afrika Mashariki ni dogo na huenda siku moja nikabisha tena mlango huo.

Kwa mjomba nilikwenda na karatasi. Nilimwandikia mshahara wa Mombasa miezi ya kaskazi, miezi ya Mara na miezi ya masika, nikampigia hesabu ya deni la Nairobi kama ningeugua mwezi wa 20. Aliisoma kimya mara mbili, akaomba abaki nayo. Mama nilimweleza habari ya kambi ya Mara. Alichouliza ni kama huko kuna mahali pa kuswali na kama nitalala peke yangu, na yote mawili nimeshayauliza.

Nilipomtajia rubani mkuu habari za saa za usiku, alisema kuna safari za kuhamisha ndege kati ya Mombasa na Wilson kwa ajili ya matengenezo makubwa, na kwamba zile zinazowezekana kisheria kufanywa usiku atanipangia mimi na mkaguzi. Ameliandika kwenye barua ya ajira.

Ninaanza Jumatatu. Wiki ya kwanza ni ya darasani, ya pili nitaruka na mkaguzi bila abiria, Ukunda, Malindi na kurudi. Fundi wa Hangari, kama unafanya kazi upande ule wa uwanja ninaoufikiria, nitapita saa kumi na moja jioni kukusalimu.